Namba Saba ya Ratiba

"Ondoa namba saba," Anatoli aliniambia, akiweka karatasi mezani kwangu. "Itarudi kikao kijacho."

Ilikuwa mara ya tatu. Nilikuwa mchapaji katika ofisi moja mjini Gitega, ofisi ambayo sitaitaja, inayowaandalia watunga sheria karatasi zao. Anatoli alikuwa mkubwa wangu. Namba saba ya ratiba ilikuwa mswada wa fedha za ulinzi: magari ya kubebea majeruhi, redio mpya za vituo vya mpakani, viatu. Niliuchapa wote, na kila nilipofika penye neno redio vidole vilipunguza mwendo. Mdogo wangu Kastori alikuwa askari katika kituo kimoja huko Muyinga, juu ya mto Ruvubu.

Mara ya kwanza akidi haikutimia. Mara ya pili mjumbe mmoja alitaka kiambatisho kitafsiriwe upya. Safari hii sababu ilikuwa likizo.

"Wamechoka, madamu Emerensiana," Anatoli alisema, bila ubaya wowote.

Nilifuta mstari. Namba nane, viti vipya vya ukumbi, ikapanda ikawa namba saba.

Wiki mbili kabla ya hapo Kastori alikuwa amenipigia simu. Kupata mtandao ilimbidi apande kilima, kwa hiyo sauti yake ilinifikia ikihema.

"Dada, komanda anasema naweza kuomba uhamisho. Kuna nafasi hapo Gitega. Unasemaje?"

"Huko kukoje?"

"Redio imekufa tangu masika. Watu wenye bunduki wanavuka mto, wanachukua ng'ombe za watu, wanarudi. Sisi tuko sita. Tunawatazama tu."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kubaki. Wanakijiji wametuzoea, sasa wanalima mpaka kando ya mto. Lakini siyo hivi, dada. Siyo mikono mitupu."

Tulikulia kambini Tanzania, mimi, yeye na mama yetu, Melania. Tulikuwa watoto wa watu waliokimbia nyumba ambayo hakuna aliyekuja kuilinda. Tuliporudi na kupata shamba Itaba, nilidhani Kastori atashika jembe kama wenzake. Siku aliposema anataka uaskari, mama alilia mpaka akakosa sauti. Kastori akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Mama, lazima awepo mtu wa kusimama mlangoni." Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Basi baki," nilimwambia kwenye simu. "Sheria inapita mwezi huu. Nimeichapa kwa mikono yangu."

Alicheka, akafurahi kweli. Akasema atawaambia wenzake.

Baada ya kufuta ule mstari sikumpigia. Nilijiambia likizo ni fupi. Nilijiambia mengi wiki ile, nikipanda na kushuka mitaa ya Magarama na mikate yangu kwapani, huku simu iko mkobani, imejaa chaji.

Yaliyotokea niliyasikia kwa Shabani, kijana wa Muyinga mjini, mwana wa fundi cherehani, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Kastori. Alikuja kwenye maziko ya Kastori huko Itaba, mkono umefungwa bendeji, akanitafuta katikati ya watu.

"We ndiye dada yake? Ule wa kuandika sheria?"

Nikaitikia.

"Walivuka asubuhi, jua limeshatoka," alisema. "Walikuwa wengi. Kastori alipigwa hapa, kwa paja. Redio ilikuwa iko pale mezani, imekufa tu. Mi nikakimbia kwa kilima kutafuta rezo ya simu. Nilipopata, wakasema wanakuja, lakini gari yenyewe ilikuwa iko mbali sana. Tukamufunga kwa kinga, tukasukuma. Ile milima, dada. Tulikuwa watu wanne tunasukuma."

"Alisema kitu?"

"Alikuwa anatutuliza sisi." Shabani alitazama ardhi. "Kila siku alituambia, sister yangu ameandika na mikono yake, redio zinakuja. Na siku ile pia alisema. Tulikuwa hatujafika barabara kubwa."

Kinga ni baiskeli. Mdogo wangu alitokwa na damu hadi akaisha, amefungwa kwenye baiskeli, akiwaambia wenzake kwamba mimi nimeshaandika.

Mswada ulipita wiki tatu baada ya maziko. Anatoli alinisihi nikae nyumbani, lakini nikaenda ukumbini. Wajumbe walisimama wakapiga makofi marefu. Mmoja alizungumza juu ya wana wa nchi waliomwaga damu yao, akafuta macho, na naamini machozi yalikuwa ya kweli. Hakuna aliyeupinga. Hata zile mara tatu hakuna aliyekuwa ameupinga. Jioni niliusoma tena, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta kosa. Ilikuwa sheria nzuri. Kosa lake lilikuwa tarehe.

Jumamosi nilikwenda Itaba. Mama alikuwa mkekani uani, akichambua maharagwe. Nilibaki nimesimama. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalinikimbia isipokuwa machache.

"Mama, Kastori angekuwa Gitega. Aliniomba ushauri, aombe uhamisho au asiombe. Mimi nilimwambia abaki."

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea, mazuri huku, mabovu kule.

"Alipokuuliza," alisema mwishowe, "alikuwa na sauti gani?"

"Alikuwa anahema. Nilipomjibu, alicheka."

Mama aliacha kuchambua. Aliweka viganja wazi juu ya magoti, kama mtu aliyeletewa mzigo asijue pa kuuweka.

"Mimi aliniuliza kabla yako," alisema. "Moyo wangu ulitaka kumwambia, rudi mwanangu, rudi leo. Nikaogopa kumrudisha nyuma. Nikamwambia, muulize dada yako, ndiye anayejua mambo ya wakubwa."

Alisogea kidogo mkekani, akapapasa nafasi iliyobaki, nikaketi. Akasukuma nusu ya maharagwe upande wangu.