Maiti Aliyemkumbusha Muuaji

Augusta Finch alikuwa amekufa mara thelathini na saba katika filamu bubu: kwa sumu, kwa treni, na mara moja kwa kukanyagwa na tembo. Hakuna aliyelalamika. Lakini sasa filamu zimeanza kusema, Hollywood nzima imepigwa butwaa, na wenye studio wameandika karibu na jina lake: sauti haijulikani. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa, na Ijumaa ndiyo leo.

"Wewe ndiye shangazi tajiri, wa kwanza kuuawa," Lindqvist, mwongozaji, alimwambia. "Unalala tu hapo zuliani. Neno, hakuna."

"Hata yowe moja, bwana?"

"Hata kupumua, mama, ukiweza acha."

Basi akalala. Gauni la hariri walikwisha kumvua asubuhi, maana lilichakacha kama majani makavu, wakamvika la pamba. Feni zimezimwa, joto la taa linachemsha watu. Kamera imefungiwa kibandani kwa kelele zake. Maikrofoni imefichwa ndani ya chombo cha mayungiyungi, karibu na sikio la Augusta, hivyo kila mwenye la kusema ilimbidi aje ayainamie maua kwanza. Mpelelezi, daktari, mpishi, wote wakiyaungamia maua.

Mara mbili picha ikaharibika. Kwanza mpishi alikohoa, kisha kiatu cha daktari kikalia.

"Atakayeharibu ya tatu," Lindqvist akanguruma, "mlango ule pale!"

Akaja Desmond Crewe, mpwa muuaji, sura nzuri, kichwa chepesi. Zamani hakuhitaji kukumbuka kitu. Alichezesha midomo tu, na Augusta, aliyekuwa maiti wake kwa miaka kumi, alimnong'oneza toka sakafuni: sasa lia, sasa geuka. Kamera ya wakati ule haikuwa na masikio.

Desmond akayainamia maua. "Shangazi alistahili kufa, kwa sababu..."

Jasho likamtiririka hadi kidevuni.

"Kwa sababu..."

Augusta, macho ameyafumba, mazoea yakamponyoka: "Kwa sababu alikufuta kwenye wosia, mjinga wewe!"

Lindqvist akarusha kofia chini. "Mama Finch! Mlango!"

Augusta akaanza kuinuka, magoti yakilia. Mara Orville, fundi wa sauti, akashuka mbio kutoka chumba chake cha kioo.

"Nani huyo aliyesema?"

"Maiti," Lindqvist akajibu kwa uchungu.

"Wiki nzima nasikiliza vikohozi na viatu. Leo ndiyo nimesikia neno, kila herufi mahali pake!"

"Lakini amekufa!"

"Basi asife."

Lindqvist akakuna kichwa, akamtazama bibi, akaokota kofia. Mwandishi akaitwa: shangazi amejeruhiwa tu, na ndiye atakayemtaja muuaji mwishoni. Mkataba mpya ukaletwa kabla ya chakula cha mchana.

"Shangazi," Desmond akauliza kinyonge, "sasa nani atanikumbusha?"

"Jifunze kusoma, mwanangu."

Kisha akaomba kitu kimoja tu: mayungiyungi yaondolewe, waweke waridi. Tangu asubuhi alikuwa ameizuia chafya.