Kiungio cha Nyuma Kulia

Basi la Mzee Solomoni halikuwa na springi. Mzungu aliyemuuzia mwaka 1959 alimwambia linakalia mapafu manne ya mpira yaliyojaa hewa, na abiria wangesafiri kama waliolala kwenye godoro. Ilikuwa kweli kwa wiki tatu. Kisha kila asubuhi basi likakutwa limeinama upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani.

Jabiri, fundi wake pale Themi, Arusha, alibadilisha mirija yote ya hewa. Pasipochezacheza aliweka shaba nyekundu. Karibu na ekseli, panapocheza, aliweka mpira mnene. Shaba ilipokutana na mpira, alifunga kiungio cha shaba ya njano chenye nati. Kimoja tu, cha nyuma kulia, kiliendelea kuvuja.

"Kiungio hicho kina ufa," alisema Jabiri. "Nimepata kipya. Nikifunge?"

"Umefunga vipya mara mbili," alisema Mzee Solomoni. "Lesikar anasema ngozi."

Lesikar, dereva, alishakuwa ameshika ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, uliolowa na wenye mafuta. Kwao mpini wa shoka uliopasuka hufungwa hivyo, na ngozi ikikauka, hata shetani haifungui.

"Shoka halina hewa ndani," alisema Jabiri.

"Wala wewe huna ng'ombe," alisema Lesikar.

Alikitoa kiungio, akachomeka mpira kwenye mrija wa shaba, akauzungushia ngozi, akaiacha ikauke siku mbili. Jabiri alipaka povu la sabuni na kujaza hewa. Hakikutokea kiputo hata kimoja. Alipaka tena, akapiga magoti kutazama. Hakikutokea. Akasema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, kwamba hapavuji.

"Basi sikiliza, fundi," alisema Mzee Solomoni. "Jumamosi tunamchukua bibi harusi wa mwanangu kule Oldonyo Sambu. Ngozi ikienda na kurudi salama, karakana ni ya Lesikar. Wewe utatafuta kazi Moshi."

Jumamosi Jabiri alipanda basi akiwa na spana mbili na kile kiungio kipya mfukoni. Barabara ilikuwa ya mawe, lakini akina mama walifika na vilemba vyao vimesimama. Lesikar aliegesha kando ya kanisa, mbele ya boma la wakwe, akashuka akipiga mluzi.

Mchungaji alikuwa katikati ya sala kanisani, mara hewa ikapasuka nje kwa mlio kama chafya ya tembo. Wazee wa mbele wakaitikia, "Amina." Mbwa mwekundu akapita mlangoni mbio, akiwa na ukanda wa ngozi mdomoni.

Walipotoka, basi lilikuwa limelala upande wa kulia. Mpira ulining'inia. Ngozi haikuwepo.

"Mbwa wa nani huyu?" alifoka Lesikar.

Mzee Solomoni alimkanyaga mguu. Mbwa alikuwa ameketi miguuni pa baba wa bibi harusi, anatafuna. Posa ilichukua miaka miwili, na mbwa wa mkwe halaumiwi siku ya harusi.

"Mbona gari lenu limeinama?" aliuliza baba wa bibi harusi.

"Limeinama kwa heshima yenu, baba mkwe," alisema Mzee Solomoni. "Ndivyo lilivyofundishwa."

Wazee walilitazama, wakaridhika. Mmoja alisema magari ya serikali hayana adabu hiyo.

Jabiri aliingia chini ya basi na suti yake ya kuazima. Alikata mpira ulipochanika, akachomeka kiungio cha shaba, akakaza nati hadi ilipokataa, akaacha hapo, maana vile viwili vya kwanza vilipasuka kwa kukazwa mno. Aliomba sabuni, bibi harusi mwenyewe, Simaloi, akamletea kipande kwenye kibakuli. Injini ikawashwa. Basi likapanda taratibu hadi likasimama sawa, na akina mama wakapiga vigelegele. Povu alilopaka halikutoa kiputo.

Mzee Solomoni aliinama, akakitazama kiungio.

"Fundi, mbwa wa huku wanakula shaba?"

"Sijui, Mzee. Sijamwona aliyejaribu."

"Na Moshi, ulishaandika barua?"

"Bado."

"Usiandike."

Walipoteremka kuelekea Arusha, Lesikar aliendesha bila mluzi. Baada ya maili mbili hivi alisema mbwa yule alikuwa na njaa isiyo ya kawaida.

"Alikuwa mbwa wa kawaida," alisema Jabiri.