Mwanamke wa Kaburini, Safari Hii kwa Rangi

Hapana, Sikuzani, siyo sinema ile ya kwanza. Ya kwanza haikuwa na rangi. Mimi na bibi yako Mwamvita tuliiona mwaka tuliooana, Uhuru ndiyo umepita miaka miwili mitatu hivi. Mwanamke anatoka kaburini, mzuri, macho makubwa, anambusu mwanamume shingoni mpaka mwanamume anakauka kama tumbaku bandani. Bibi yako alijificha begani kwangu mwanzo mpaka mwisho. Niliona raha, we acha tu.

Hii ya pili ililetwa baadaye, watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Wazungu walikuwa wameitengeneza upya. Hadithi ile ile, ila sasa ina rangi, na yule mwanamke gauni lake la kulalia unaona mpaka kitovu. Na muziki wake! Hakuna fidla, hakuna ngoma, mitambo ya umeme mitupu. Inavuma chini chini, vuuu, halafu inapanda, pii-pii, kama mbu kaingia mtungini. Nywele zinakusimama. Nikarudi nikamwambia Mwamvita, "Picha ile haina adabu, usiikanyage." Kesho yake nikaenda tena mwenyewe. Ndiyo, cheka.

Wiki haijaisha, niko na cherehani yangu barazani pale Ng'ambo, mtaa wetu huku Unyamwezini, namsikia bibi yako ndani anachagua mchele huku anaimba kwa pua. Vuuu, pii-pii. Sindano ikanichoma kidole.

Sasa aliyekuwa anaendesha mashine ya sinema ni Lukumani, Mzaramo. Na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani, tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe kwenda pwani. Mtani anakutukana, anachukua kuku wako, mkeo anamwita mkewe, nawe unacheka. Ukikasirika aibu yako. Kila akipita: "Fundi Mabruki, mke wangu umemlisha? Mbona kakonda?" Namjibu, "Mla papa wewe, nenda kaoge kwanza."

Siku ile akapita anapiga mluzi. Wimbo ule ule! Akasema, "Mwambie mke wangu leo nakula kwake."

Sijui niliinukaje. Nilimkamata shati nikamzaba kofi, kofia yake ikarukia mtaroni. Barabara nzima watu wakasimama. Kumpiga mtani! Lukumani kashika shavu, ananiangalia tu, hata kunirudishia hakunirudishia.

Nikaingia ndani. "Mwamvita, funga nguo zako. Leo unarudi kwa baba yako, kule Choma."

"Nimefanya nini?"

"Wimbo huo kakufundisha nani?"

Akaanza kukunja kanga moja moja, machozi yanadondokea humo humo. Na tumboni alikuwa na baba yako, miezi sita. Nami nimesimama mlangoni kama askari, nataka aende, nataka asiende.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, akatokea uani na mwiko mkononi. "Wimbo ameutoa kwangu."

"Kwako, mama?"

"Onyesho la wanawake, Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyempeleka. Tulikwenda wanawake kumi wa mtaa huu, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani yumo. Utatufukuza wote?"

"Na Lukumani anaupigia nini mluzi?"

"Si anausikia kila siku! Ndiyo kazi yake, mjinga wewe."

Mwamvita akaacha kukunja. "Wewe umekwenda mara mbili," akasema. "Ukirudi unageukia ukutani. Nikataka nimwone huyo mwanamke, ana nini ambacho mimi sina."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Ukaona nini?"

"Meno."

Mama alicheka mpaka akakaa chini na mwiko wake. Mimi nilizichukua zile kanga nikazirudisha sandukuni mwenyewe, halafu nikaenda kuiokota kofia mtaroni, nikaifua, nikampelekea mwenyewe. Aliyemkasirikia mtani faini yake inajulikana. Lukumani hata hakufikiri. "Jogoo wako mwekundu. Na upike wewe, si mke wangu."

Nikapika, moshi machoni, majirani wanachungulia. Wali ukapakuliwa sinia moja. Lukumani akasogea karibu na bibi yako, eti, "Mke wangu, nichagulie paja." Wivu ukanirudia, nakwambia kweli. Lakini nikacheka, nikachelewa kidogo tu. Mama akapitisha maji ya kunawa, nami nikajipenyeza nikakaa katikati yao, tukala.