Mikono Iliyonaswa Kabatini

Jumamosi saa kumi alasiri, fundi cherehani aliingiza spika ya gitaa ndani ya kabati la nguo. Aliizungushia makoti matatu ya wateja na blanketi moja, kisha akaisimamisha maikrofoni mbele yake, karibu kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu. Kuta za chumba zilikuwa tupu na zilirudisha kila sauti, na majirani walikuwa wepesi wa kugonga. Ndani ya kabati, gitaa la umeme lilinguruma bila kumkera mtu. Aliwasha kompyuta, akakalia kiti cha cherehani, akapiga wimbo alioutunga mwenyewe, mara moja, bila kukosea.

Kesho yake kaka yake alikuja kuuchukua. Alikuwa amemshauri achomeke waya kutoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, lakini dada huyo aliona sauti ya waya haina nyama. Kaka hakujua kupiga gitaa. Alijua kulishika, na alikuwa na bega zuri la kuvalia mkanda. Aliahidi kwamba watu wakishauzoea wimbo, atampandisha dada yake jukwaani na kumtaja kuwa ndiye mwenye wimbo.

Jioni hiyo, kwenye ukumbi wa harusi, kaka aliachia wimbo kwenye spika kubwa na kuanza kuigiza kupiga gitaa. Nyumbani, fundi cherehani alikuwa akipinda sketi. Mikono yake ikaondoka, kuanzia kwenye vifundo. Haikuuma. Sketi ilianguka, naye akakaa akiitazama. Baada ya dakika nne mikono ilirudi, ina joto na jasho kidogo.

Ukumbini watu waliiona kwenye gitaa la kaka: myembamba, yenye kovu la sindano kwenye kidole gumba na ukucha mmoja uliounguzwa na pasi. Bibi harusi alimuuliza kaka anapaka mafuta gani. Hakuna aliyeuliza ni mikono ya nani.

Fundi sauti wa mtaa wa pili alipoelezwa, hakuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza.

"Umeweka maikrofoni karibu mno, binti," alisema. "Ikiwa karibu hivyo hainasi sauti peke yake, inazoa na mikono. Irudishe nyuma hatua moja."

Aliirudisha, akarekodi upya. Mikono ilibaki, ila kaka aliurudisha wimbo siku ile ile, akisema unasikika kama mtu anayepiga ndani ya pipa. Wakaendelea na ule wa kwanza.

Wimbo ukafika redioni. Wateja walizoea kusubiri. Mmoja, akiwa katikati ya kupimwa kiuno, aliiokota tepu iliyoanguka na kusema, "Eh, kaka yako yuko hewani," kisha akajipima mwenyewe. Wengine walipeleka nguo zao kwa mafundi waliokuwa na mikono siku nzima. Chumba kikapoa. Zikapita siku ambazo fundi cherehani hakumsemesha mtu hata mmoja, na redio ya jirani ilipoimba, alisikiliza ukutani jinsi yeye mwenyewe anavyopiga vizuri.

Kaka alipokuja kumsalimia, alimkumbusha.

"Kaka, watu wameshauzoea. Ile siku yangu ni lini?"

"Siku ipi?"

"Ya mimi kupanda."

Kaka alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Mdogo wangu, ukipanda utapiga na nini? Mikono si ninayo mimi?"

Kaka alimwonea huruma, akaahidi kwamba kabla ya kila onyesho atamtumia ujumbe, asije akaungua na pasi. Ahadi hiyo aliitimiza, hakukosa hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata ujumbe ulifika saa tisa na nusu. Fundi cherehani alichomoa pasi. Alivaa gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya jukwaa, akafunga vifungo vyote mapema, akatia komeo mlangoni. Kisha akakaa kitini, mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine, akawa anaitazama ingali ipo.