Damu Mbili kwa Ndege ya Samaki

Mwaka ambao viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikifunguliwa Mwanza, tumbo la Akelo lilivimba upande wa kushoto. Alitibiwa malaria, kisha kichocho. Hakupona. Mumewe Odongo, mkata minofu kiwandani, akampeleka kwa Daktari Selina Malimi.

Daktari alikuta bandama imekua na chembe nyeupe za damu zimezidi mno. Alishuku saratani ya damu, ile ambayo jeni mbili hukatika na kuungana, zikawa jeni moja inayozifanya chembe zizaliane bila kukoma. Kuitafuta jeni hiyo kulihitaji maabara ya Ulaya. Damu ikasafiri kwa ndege iliyobeba minofu.

Jibu likarudi: jeni haikuonekana.

Odongo alifurahi, akataka mkewe arudi kwao Shirati kupumzika. Akelo, aliyekuwa akilijua tumbo lake, alikataa kufunga mizigo.

"Kipimo kimesema hakikuiona," daktari alimwambia Odongo. "Hakikusema haipo."

Akaeleza kwamba kinachotafutwa, nakala ya jeni hiyo ndani ya damu, huharibika upesi kwenye joto, na kwamba alipopiga simu, maabara ilikiri haikuangalia kama damu ilifika nzima; alitaka ipelekwe nyingine. Odongo akaudhika. Je, safari hii wakisema ipo, nani atajua kama hawajakosea tena?

Daktari akachukua bomba la pili la sindano. "Basi tupeleke na damu yako, bila majina, kwa namba tu."

"Yangu? Mimi siumwi."

"Ndiyo maana naitaka. Wakiiona na kwako, tutajua wamekosea."

Odongo akatoa mkono. Safari hii kila damu ilitiwa dawa ya kuihifadhi, zikafungwa kwenye barafu ya kiwandani. Siku zote za kusubiri, kila Odongo alipooga alijibonyeza tumbo, ingawa hakumwambia mtu.

Jibu la pili lilieleweka. Jeni ya kawaida, ambayo kila mtu anayo, ilionekana katika damu zote mbili. Kwa hiyo zilifika salama. Jeni iliyoungana ilionekana katika moja tu, ya Akelo.

Odongo alilia ukumbini mwa hospitali. Akelo ndiye aliyeuliza habari za dawa. Daktari hakumficha: vidonge vingepunguza chembe, visingeung'oa ugonjwa.

Tumbo likapungua, Akelo akarudi kwenye kazi yake ya kuanika dagaa. Aliishi miaka kadhaa, akamwona binti yake Favour akimaliza shule ya msingi, kisha ugonjwa ukageuka mkali. Alizikwa Shirati.