Neno Nililompa Mgeni

Mimi ni fundi wa kuchonga maandishi kwenye mawe hapa Puteoli, na makaisari nimewajua kama mpishi anavyowajua walaji wake: kwa vile walivyoagiza. Nilishika patasi mara ya kwanza zamani za yule Kaisari kijana aliyependa kuimba jukwaani. Alipojiua, ukaja mwaka wa makaisari wanne. Mwalimu wangu alikuwa akiandika jina kwa makaa tu, hathubutu kulichonga, maana vumbi halijatua mara habari inafika kwamba mwenye jina kauawa. Wa nne alikuwa mzee askari, bahili lakini mcheshi, naye alidumu, tukapumua. Mwanawe mkubwa alipendwa na watu, akafa upesi. Akabaki mdogo wake. Katika siku za huyo mdogo ndipo nilipofanya jambo ninalolisimulia.

Alikuwa mwoga. Mtu mwoga akipewa enzi hutafuta masikio kila mji, na masikio hayo hulipwa vizuri. Tulijifunza kuongea mambo ya mvua.

Safinius hakujifunza. Yeye na mimi tulikulia kwa fundi mmoja. Yeye akichonga sura, mimi herufi. Akamwoa dada yangu, Numisia, tukawa mashemeji na washirika katika karakana moja. Mkono wake ulikuwa bora kuliko wangu, na wateja hawakunificha. Mtu akiingia, jicho lake linanipita, anauliza, "Safinius yupo?" Miaka kumi na minane nilijibu, "Yupo nyuma."

Siku moja baraza la mji lilituagiza sanamu ya Kaisari. Adhuhuri tukawa tunakula mkate na zeituni pamoja na Hirrius, muuza mchuzi wa samaki, aliyekuwa ametuletea mtungi. Safinius akapigapiga lile jiwe begani.

"Kichwa nimekifanya cha kuchomoa," akasema. "Huyu akiondoka, mwili tunabaki nao, tunampachika mwenzake. Kaisari ni kichwa tu, shemeji. Nguo ni zile zile."

"Kifanye chepesi basi," akasema Hirrius, "maana hawa hawakawii kuondoka."

Tulicheka wote watatu. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Haukupita mwezi akaja mgeni kutoka Roma, Rubellius, mtu mpole, nguo safi. Alitaka jiwe la kaburi la mkewe. Nikasubiri amuulizie Safinius, hakumuulizia. Alipitisha kidole juu ya herufi zangu akasema, "Hii A yako, mji mzima wa Roma hakuna wa kuichonga." Jioni akaninunulia divai. Tukaongea mambo ya mawe, na kikombe cha tatu akasema, kama kwa bahati mbaya, "Ila nasikia fundi hasa ni shemeji yako."

Hapo likanitoka. Sikutishwa, sikupigwa, sikuahidiwa kitu. Nilitaka tu yule mtu amdharau Safinius kidogo. Nikasema, "Fundi ni fundi, lakini mdomo wake hauna mlango," nikamsimulia habari ya kichwa.

Rubellius hakucheka. "Alisemaje hasa?"

Ndipo nilipomjua yeye ni nani. Ningeweza kusema divai imenizidi. Ningeweza kusema nimeyasikia sokoni. Badala yake niliyarudia yale maneno, taratibu, neno kwa neno, ili asikosee. Hirrius nilimwacha nje ya habari, nikajiona nimefanya wema.

Siku ya nne askari walimchukua Safinius akiwa na vumbi la mawe kwenye nyusi. Alihukumiwa kwenda machimboni, kisiwani, kwa utani ule wa kichwa.

Watu walianza kuhesabu waliokuwepo. Numisia alikuja karakana, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Kaka, siku ile mlikuwa nani na nani?"

"Mimi, mumeo na Hirrius."

"Na Hirrius hakuguswa."

Nilikuwa nimeshika mkate. Niliutazama ule mkate mpaka akajijibu mwenyewe. "Basi ni yeye," akasema, akaenda zake. Jioni ile alisimama mbele ya duka la Hirrius akamtaja kwa sauti, na tangu siku hiyo watu wakaacha kununua kwake. Hirrius aliapa kwa miungu yote anayoijua. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kuwa ni yeye.

Mimi sikusema uongo. Kwa miaka mitatu nililala juu ya neno hilo: sikusema uongo. Kila wiki nilimpelekea dada yangu unga na kunde, naye akawa ananiombea dua mbele ya wanawe.

Kisha yule mwoga akauawa chumbani kwake na watu wa nyumbani mwake, na akatawala mzee mmoja mpole, mwenye kikohozi, ambaye kila mtu alisema hatadumu. Baraza likatutuma sisi mafundi tulifute jina la marehemu kila mahali. Waliofungwa wakaachiliwa. Wasafiri walisimulia kuwa mzee huyo ameamuru karatasi za wachongezi zichomwe, ili watu wasianze kulipizana visasi.

Niliposikia hivyo nilifurahi. Nikaenda hekaluni nikatoa sadaka ya divai na keki. Nikiwa njiani kurudi nilimwona Hirrius akifagia mbele ya duka ambalo haliingii mtu, ndipo nikaelewa kuwa pamoja na jina langu umeungua pia ushahidi pekee ambao ungemsafisha yeye. Huruma ya Kaisari ilinificha mimi, ikamwacha yeye nje.

Safinius alirudi amekonda, vidole viwili vya mkono wa kulia vimepondwa. Hatashika tena patasi. Alinikumbatia mbele za watu. "Shemeji," akasema, "Numisia ameniambia ulivyowalisha wanangu. Sina cha kukulipa."

Nikamwambia si kitu.

Majira ya baridi mama yake Hirrius alifariki. Hirrius alinijia karakana, kofia mkononi.

"Jeneza lina wabebaji watatu," akasema. "Mimi, mtumishi wangu na mtu wa punda niliyempa pesa. Majirani wamekataa. Urafiki sikuombi, Numisius. Nakuomba bega tu, kutoka hapa mpaka nje ya lango."

Nikatoa bega. Tulipita sokoni. Watu walimtemea Hirrius mate miguuni, na mimi nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Mtazame Numisius. Shemeji yake kaharibiwa mkono, naye bado anambebea mama. Huo ndio moyo." Mwingine akaniwekea mkono begani, bega lile lile. Nilitamani lile jeneza linielemee nianguke.

Tulipoushusha mwili juu ya kuni nikamwambia Hirrius, "Ni mimi niliyesema."

Alikuwa ameshika mwenge. "Ngoja kwanza nimalize na mama," akasema.

Nikangoja. Aliwasha moto huku amegeuza uso, kama ilivyo desturi, akaongea na marehemu, akangoja mpaka makaa yakamwagiwa divai. Kisha akanijia.

"Safinius umemwambia?"

"Bado."

"Umeanza na mimi kwa sababu mimi ni mwepesi. Mimi nimeshazoea kutemewa mate." Hakupandisha sauti. "Nenda kwake. Halafu kesho, sokoni, uwaambie wao."

Nilimkuta Safinius uani akimenya maharage kwa mkono wa kushoto. Dada yangu alikuwa akikoka moto. Nikasema yote, hata habari ya A, hata ya kurudia maneno mara ya pili taratibu. Safinius aliendelea kumenya.

"Walikupiga?" akauliza.

"Hapana."

"Walikutisha basi. Walimtaja Numisia, au watoto."

Niliona anavyonitafutia njia ya kutokea. "Hapana, shemeji. Alisifu herufi zangu."

Akaacha kumenya. Numisia ndiye aliyesema. "Nilimtukana Hirrius mbele ya mama yake," akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Mama yule alikuwa ameketi pale pale dukani. Na wewe ulijua." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa unga niliouleta juzi, akauweka miguuni pangu.

Kesho yake nilipanda ngazi ya hekalu nikawaambia watu. Nilitegemea mawe. Wengine walinizomea, ni kweli, lakini walio wengi walitazama chini wakaondoka, na mzee mmoja wa baraza akaniambia kando, "Zama zile sote tulisema kitu, Numisius. Usijitese." Maneno hayo yaliniuma kuliko kuzomewa. Kama alisema kitu, kuna mtu mahali fulani analaumiwa kwa ajili yake.

Duka la Hirrius lilipata wateja tena. Hajanisamehe, wala sijamwomba msamaha. Safinius anafundisha vijana kuchora sura katika karakana nyingine, upande wa bandarini.

Yule mzee mwenye kikohozi alifariki kama walivyosema, na sasa anatawala askari aliyezaliwa Hispania. Watu wanamsifu, nami nachonga sifa zake. Jana nilipishana na Numisia kwenye kisima. Alisogeza mtungi wake ili nipite.

"Habari za kazi, fundi," akasema.

Nikamjibu kwamba ni njema.