Jibach Kasema

Walimng'oa Jibach meno mawili kwa stendi ya maikrofoni niliyoichomelea mimi, kwa mikono yangu hii, na ndugu yangu wa tumbo moja ndiye aliyeshika mlango ili asikimbie. Naanzia hapo makusudi. Watu wa mji wetu wa Janakpur hupenda kuanza na wimbo, wacheke kwanza, halafu ndipo wasikitike. Mimi sicheki.

Naitwa Dulari Safi, fundi mitambo wa redio yetu ndogo, ghorofani juu ya duka la mabati. Jibach Labh alikuwa msomaji wetu wa habari ya saa moja jioni. Miaka kumi na miwili amesoma, na hakuna aliyejua anampigia kura nani. Hata mkewe hajui, nilimuuliza. Watu wakibishana sokoni walikuwa wanaambiana, "Acha kelele, ngoja saa moja." Na mama yangu ndiye aliyezidi wote. Umwambie fulani kafa, atakuuliza, "Jibach kasema?" Kama Jibach hajasema, basi kwa mama huyo fulani bado yuko kwake anakula wali.

Sasa ikaja Holi, sikukuu yetu ya rangi. Kichochoroni kwetu siku hiyo tunaimba vijembe. Mpiga ngoma anakuita jina, nawe lazima umrushie kijembe mkubwa yeyote, awe mwenyekiti, awe baba mkwe wako, na ukimaliza watu wote wanapiga kelele, "Usinune, ni Holi!" Yanaishia hapo. Jua likizama unaoga, rangi inatoka, na tusi linakwenda na maji. Ndivyo tulivyolelewa. Hakuna aliyewahi kupigwa kwa kijembe cha Holi tangu nizaliwe.

Mwaka huo uchaguzi ulikuwa umebakiza siku tisa, na Gajendar Rai alikuwa anagombea ubunge. Huyo Gajendar ndiye anayechimba mchanga wote wa mto wetu. Ndugu yangu Chhedi alikuwa dereva wa lori lake, na msimu wa kura alikuwa mtu wake wa kila kazi. Siku ya Holi, Chhedi ndiye aliyeshika ngoma. Na ndiye aliyeita, "Jibach! Leo toka, miaka yote unajificha nyuma ya redio!"

Jibach alikuwa ameshakunywa gilasi mbili za maziwa ya bangi. Uso wote zambarau, macho yanameremeta. Akasimama juu ya kinu cha mama, akaimba:

"Gajendar kala mchanga, mtoni kasaza mawe;
leo anaomba kura, kesho atakula wewe!"

Loo! Kichochoro kilipasuka kwa kicheko. Chhedi mwenyewe alicheka mpaka ngoma ikamtoka mikononi. Tukapiga kelele, "Usinune, ni Holi!" Mama akagawa vitumbua vya sikukuu, tukaenda kuoga.

Lakini kulikuwa na simu iliyorekodi. Kesho yake wimbo ule ulikuwa kwenye kila simu ya mjini, ila ngoma imekatwa, kelele zetu za mwisho zimekatwa, na chini yake mtu kaandika: *Redio imesema.*

Siku ya tatu mkuu wetu wa kituo, Mzee Karna, alimwita Jibach studio asubuhi. Mimi nilikuwa chini ya meza na pasi yangu ya kulehemu, natengeneza waya.

"Utaomba radhi hewani," Karna akasema. "Leo."

"Kwa lipi, mzee? Niliimba kichochoroni kwetu. Sikuimba hapa."

"Hiyo sauti unaivua ukitoka hapa? Unaitundika msumarini kama koti?"

"Na mimi si raia? Gajendar anaumaliza mto, kila mtu anaona. Nikae kimya mpaka nife kwa sababu nasoma bei ya vitunguu?"

"Kimya chako ndicho kinachofanya waamini hata hiyo bei ya vitunguu, mpumbavu wewe!"

Hapo sikuvumilia. Nikatoka chini ya meza. "Mzee, shikamoo, lakini kwa hili umekosea. Mdomo ni wake! Mshahara unaomlipa ni wa nusu saa. Saa zilizobaki mwachie mwenyewe."

"Dulari, wewe chomelea waya zako," akanijibu.

Hatukumaliza. Tulisikia ngazi zinatetemeka. Watu wa Gajendar kama ishirini, fimbo za mwanzi mikononi, wa kwanza akaupiga mlango teke, kitasa kikaruka. Karna alisimama katikati, mikono juu, anasema, "Wanangu, wanangu, kaeni tuzungumze." Wakampiga fimbo ya bega, akaanguka juu ya mashine ya kuchanganyia sauti, na kwa sekunde kadhaa mji mzima ulimsikia akilia, maana swichi ilikuwa imejiwasha.

Jibach akakimbilia mlango wa nyuma. Chhedi alikuwa pale. Ndugu yangu, niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, ametanda mlangoni, mikono huku na huku.

"Chhedi! Mpishe!" nikapiga kelele.

"Dada, usiingilie. Hili si la wanawake."

"Wewe ndiye uliyemwita aimbe! Ulicheka wewe!"

Wakamvuta Jibach kwa nywele mpaka katikati ya chumba, wakamkanyaga mbavu, nikasikia zinavyolia. Mmoja akang'oa stendi yangu ya chuma, akampiga nayo mdomoni. "Imba tena! Imba, redio!" Damu ikarukia kioo. Mimi nilimchoma huyo mtu shingoni kwa pasi ya kulehemu, ikiwa ya moto, na sijuti. Alilia kama mbuzi. Wakanipiga nami fimbo ya paja na ya mkono, na Chhedi ndiye aliyewasukuma wasinimalize. Kisha wakashuka ngazi wakiimba ule ule wimbo wa Jibach, wamebadilisha majina.

Jibach alirudi kazini siku nne baadaye. Mbavu zimefungwa, herufi zinampigia filimbi kwenye pengo. Karna hakumzuia. Hakukuwa na mwingine.

Nyumbani, Chhedi aliingia kula kama kawaida. Mimi sikumpa hata maji. Lakini kila jioni, ikifika saa moja na mama akivuta redio, alikuwa anamwambia, "Mama, usimwamini huyo. Si wa kweli tena. Alijificha miaka yote, sasa tumemjua ni wa upande gani. Akikwambia mvua inanyesha, toka nje utazame kwanza." Jioni ya kwanza mama alimkaripia. Jioni ya tatu akanyamaza.

Siku ya kura tulikuwa hewani tangu alfajiri. Saa nne asubuhi simu ikapigwa studio. Alikuwa mwalimu wa shule ya Pipraha, kijiji cha Gajendar, ambako foleni ya kura ilikuwa ndefu kuliko zote. Ameona sufuria ya presha nyuma ya ukuta, imefungwa waya. Amewaambia askari wawili waliopo, wanaogopa kuisogelea. Watu hawataki kutoka foleni.

Huku kwetu kila mtu anaijua sufuria yenye waya. Jibach aliruka kwenye kiti, mbavu na yote. Nikamfungulia maikrofoni.

"Walioko shule ya Pipraha, tokeni sasa hivi! Kuna bomu nyuma ya ukuta. Acheni foleni, kimbilieni shambani. Ni Jibach Labh anasema. Tokeni!"

Alirudia mara tatu, na pengo lile likipiga filimbi kila neno. Zamani, haki ya Mungu, Jibach angesema hivyo mara moja tu na shule ingebaki tupu, viatu tu chini.

Mimi nilimpigia Chhedi simu. Nilijua yuko pale, ndiye msimamizi wa foleni. Akapokea. Nyuma yake nasikia redio ya mtu, sauti ya Jibach, na watu wanacheka.

"Chhedi, ondoka hapo! Ondoa watu!"

"Dada, na wewe? Huyu mtu wenu anataka kura zetu zisipigwe, basi. Tumeshawaambia wasisogee hata hatua."

"Chhedi, nakuapia kwa baba. Mwalimu kapiga simu mwenyewe, nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Mwambie Jibach tumenuna," akasema, akacheka. Kisha akaanza kuniimbia, "Gajendar kala mchanga..."

Halafu simu ikatoa mlio ambao bado ninao sikioni.

Walikufa wanne. Aliyeitega sufuria ile hajajulikana mpaka leo, kila upande unamsingizia mwenzake. Nilikwenda hospitali kumtambua ndugu yangu. Uso haukuwepo. Nilimjua kwa sikio moja. Nyuma yake kulikuwa na rangi ya zambarau ya Holi ambayo hakuisugua vizuri. Nilimpiga huyo maiti kofi la kifua, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Si nilikwambia?" Polisi wakanitoa nje. Mwili, wakasema, hautoki mpaka kesho.

Jibach alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali, anatema damu kwenye leso. Akaniuliza, "Dulari, bado unasema mdomo ni wangu?"

Nilitaka kumjibu ndiyo, maana ndivyo ninavyoamini. Nilimwambia aende akasome habari.

Nikafika nyumbani magharibi inaingia. Mama alikuwa jikoni, amepika samaki. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Mama, Chhedi amekufa."

Akanitazama. "Jibach kasema?"

Nikavuta redio. Saa moja ikagonga. Jibach akasoma majina yote manne, polepole, na la Chhedi Safi alilisoma la mwisho. Nilimshikilia mama nikingoja aanguke.

Hakuanguka. Pumzi ikamshuka, hata akatabasamu kidogo, akanipigapiga mkono kunituliza.

"Ah, huyo!" akasema. "Mwanangu mwenyewe kaniambia nisimwamini."

Akaizima redio. Kisha akapakua wali na samaki, akaifunika sahani ya Chhedi, akaisogeza karibu na moto isipoe.